Mabaka meupe kinywani: dalili isiyouma inayohitaji kuchunguzwa mapema

Baka jeupe linapotokea ndani ya kinywa, likawa haliumi, halitoi damu wala halimzuii mtu kula, ni rahisi kulipuuza. Wapo wanaolisugua kwa mswaki, wapo wanaonunua dawa ya kusukutua dukani, na miezi hupita kabla daktari hajaliona. Wataalamu wa magonjwa ya kinywa wanaeleza kwamba mengi ya mabaka hayo hayana madhara makubwa. Hata hivyo, miongoni mwake yamo yanayoweza kugeuka kuwa saratani baada ya miaka kadhaa, na hakuna anayeweza kuyatambua kwa kujitazama kwenye kioo tu.

Kwa mujibu wa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni taasisi ya Shirika la Afya Duniani, WHO, watu wapatao 390,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya midomo na kinywa katika mwaka 2022. Wengine wapatao 188,000 walifariki dunia mwaka huo kutokana na maradhi hayo.

Saratani hiyo ikigunduliwa ingali ndogo, matumaini ya kupona ni makubwa. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100 ambao saratani yao ya kinywa au koo imegunduliwa kabla ya kusambaa huwa hai miaka mitano baadaye. Kwa wale ambao imekwisha kufika viungo vya mbali, idadi hiyo hushuka hadi kiasi cha 40 katika kila 100. Ndiyo sababu madaktari hutilia mkazo kipindi cha kabla ya saratani yenyewe, wakati ambapo kilichopo kinywani bado ni baka tu.

Jina na maana yake

Kitaalamu baka la aina hiyo huitwa lukoplakia. Jina hilo, lenye asili ya Kigiriki na maana ya bamba jeupe, lilianza kutumiwa mwaka 1877 na Ernő Schwimmer, daktari wa magonjwa ya ngozi wa mjini Budapest, Hungary.

Kwa tafsiri inayotumiwa na wataalamu wanaoshirikiana na WHO, lukoplakia ni baka jeupe linalotiliwa shaka, baada ya daktari kuhakikisha kwamba halikutokana na ugonjwa mwingine unaofahamika ambao hauna hatari ya saratani. Kwa maneno mengine, daktari hawezi kuanza kwa kulitaja jina hilo. Huondoa kwanza uwezekano mwingine, mmoja baada ya mwingine, na baka linalobaki bila maelezo ndilo huitwa lukoplakia.

Lipo pia baka jekundu, liitwalo eritroplakia. Hilo hutokea kwa nadra kuliko jeupe, lakini hatari yake ni kubwa zaidi. Mwaka 1975 watafiti wa Marekani, William Shafer na Charles Waldron, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vipande vya nyama kutoka kwa mabaka mekundu 65. Kiasi cha nusu ya mabaka hayo yalikuwa tayari ni saratani iliyopenya ndani ya nyama, na mengine asilimia 40 yalikuwa katika hatua za mwisho za kuelekea huko. Kwa sababu hiyo baka jekundu, au jeupe lililochanganyika na wekundu, halingojewi kuona kama litaondoka lenyewe.

Weupe usiokuwa na hatari

Si kila weupe unaoonekana kinywani ni ugonjwa. Kwa watu weusi wengi, utando wa ndani ya mashavu yote mawili huwa na weupe hafifu, mfano wa maziwa yaliyotiwa maji. Shavu likivutwa kwa vidole, weupe huo hupotea. Hilo ni umbile la kawaida na halihitaji tiba. Vivyo hivyo, mstari mwembamba mweupe unaopita shavuni mahali meno ya juu na ya chini yanapokutana hutokana na msuguano wa meno.

Weupe mwingine ni wa kuungua. Mtu anayeumwa na jino huweza kukibandika kidonge cha aspirini juu ya ufizi, au kupaka mafuta makali ya karafuu mara kwa mara. Utando wa mahali hapo huungua, ukawa mweupe na kuchubuka. Jeraha la namna hiyo hupona baada ya siku chache dawa hiyo ikiachwa.

Fangasi wa kinywa nao huleta utando mweupe, hasa kwa watoto wachanga, wagonjwa wa kisukari, watu wanaotumia dawa za kuvuta za pumu, wanaovaa meno ya bandia bila kuyavua usiku, na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Mara nyingi utando huo hufutika kwa kitambaa na kuacha wekundu chini yake. Lukoplakia haifutiki. Ipo lakini aina moja ya fangasi sugu inayoganda na isiyofutika, na daktari akiishuku hutoa dawa ya fangasi kwanza, kisha hutazama kama baka limeondoka.

Mwaka 1984 madaktari wa San Francisco, Marekani, walieleza kwa mara ya kwanza aina ya weupe wenye mikunjo kama vinyweleo pembeni mwa ulimi, uliowapata watu wenye virusi vya UKIMWI. Weupe huo husababishwa na virusi viitwavyo Epstein-Barr. Ingawa nao umepewa jina la lukoplakia, hauhesabiwi kuwa dalili ya kuelekea saratani, na mara nyingi hupungua mgonjwa akitumia dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Kufanana huko kwa majina na rangi kuna athari zake. Mtu mwenye baka la kawaida lililotokana na tumbaku anaweza kuona haya kwenda hospitali akihofia kudhaniwa kuwa ana UKIMWI, na huku wakati wa kulichunguza ukapita.

Tumbaku, tambuu na pombe

Chanzo kinachojulikana zaidi cha lukoplakia ni tumbaku, iwe ya kuvuta, ya kutafuna au ya kuweka kati ya mdomo na ufizi. Nchini Kenya, watafiti walichapisha mwaka 1995 matokeo ya uchunguzi uliofanywa Githongo, Meru, uliolinganisha watu 85 wenye lukoplakia na wengine 141 wasiokuwa nayo. Waliovuta sigara walionekana kuwa na uwezekano wa kupata mabaka hayo mara nane hivi kuliko wasiovuta. Kwa waliovuta kiraiku, yaani tumbaku ghafi isiyotengenezwa kiwandani, uwezekano huo ulifikia mara kumi. Uchunguzi huo haukukuta uhusiano wa wazi kati ya mabaka hayo na utafunaji wa miraa, ingawa watafunaji wengi wa miraa huwa pia wanavuta sigara.

Katika Afrika Mashariki watu wengi hutumia ugoro, ambao mara nyingi huchanganywa na magadi. Nchini Sudan ipo tumbak, Yemen na Saudi Arabia ipo shama, na Oman ipo afdhal. Majina hutofautiana, lakini zote ni tumbaku inayokaa mahali pamoja kinywani kwa muda mrefu. Kwa kawaida baka hutokea pale pale tumbaku inapowekwa.

Tambuu ni suala jingine linalozihusu hasa jamii za mwambao na za watu wenye asili ya Asia Kusini, kuanzia Mombasa na Zanzibar hadi London na Leicester. Wapo wanaoamini kwamba tambuu isiyotiwa tumbaku haina madhara. Mwaka 2004 IARC ilichapisha tathmini yake kwamba popoo lenyewe husababisha saratani kwa binadamu, hata pasipo tumbaku.

Popoo huleta pia ugonjwa ambao historia yake imeunganika na Afrika Mashariki. Mwaka 1952 daktari aitwaye Schwartz alieleza hali aliyoikuta kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Utando wa vinywa vyao ulikuwa umepauka na kukakamaa. Leo hali hiyo inafahamika kuwa ni fibrosisi ya chini ya utando wa kinywa. Mgonjwa huanza kwa kuhisi mwasho mkali anapokula pilipili, kisha mashavu hukakamaa taratibu hadi akashindwa kufungua kinywa vizuri. Makovu hayo hayarudi kuwa nyama laini hata popoo likiachwa, na hatari ya saratani hubakia.

Pombe ikiambatana na tumbaku huongeza hatari ya saratani ya kinywa kupita jumla ya hatari za vitu hivyo viwili kila kimoja peke yake. Kwa mdomo wa chini, jua kali la miaka mingi nalo huleta mabaka ya kuelekea saratani. Wavuvi, wakulima na hasa watu wenye ualbino wanashauriwa kuvaa kofia pana na kuikinga midomo yao.

Hata hivyo, mtu asiyewahi kuvuta wala kutafuna tumbaku hapaswi kujiona yuko salama. Madaktari wamebaini kwamba lukoplakia inayotokea bila sababu inayoonekana, hasa kwa wanawake wenye umri mkubwa, huwa na tabia mbaya zaidi kuliko ile ya mvutaji.

Mabaka yanayotiliwa shaka zaidi

Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2020, ulikadiria kwamba kati ya watu 100 wenye lukoplakia, wapatao 9 au 10 hatimaye hupata saratani mahali hapo. Tafiti nyingine zimetoa idadi ndogo zaidi. Tofauti hizo zinatokana kwa sehemu na nchi, na pia na namna wagonjwa walivyochaguliwa, kwani hospitali kubwa hupokea mabaka mabaya zaidi kuliko yale yanayokutwa vijijini.

Madaktari hutazama mambo kadhaa. La kwanza ni sura ya baka. Baka jembamba, lililo sawasawa na lenye rangi moja lina hatari ndogo. Lenye madoadoa mekundu, vinundu, au uso wa kukwaruza kama chunjua lina hatari kubwa zaidi. Ipo aina moja inayoenea polepole kutoka sehemu hadi sehemu ya kinywa na kurudi kila inapokatwa. Aina hiyo ilielezwa mwaka 1985, na kiasi cha nusu ya wagonjwa wake hupata saratani.

La pili ni mahali lilipo. Pembeni mwa ulimi na kwenye sakafu ya kinywa chini ya ulimi ndiko kunakohofiwa zaidi. La tatu ni ukubwa wake, kwani baka pana lina hatari kupita dogo. Mwisho ni mabadiliko. Baka lililokaa kimya kwa miaka, kisha likaanza kuwa gumu, kuchimbika, kutoa damu au kuuma, linahitaji kuonwa haraka. Maumivu katika ugonjwa huu ni dalili ya kuchelewa, na kutokuwepo kwake hakumpi mtu uhakika wowote.

Jinsi uchunguzi unavyofanywa

Daktari wa meno au wa kinywa huanza kwa kuuliza: baka lilionekana lini, mgonjwa anavuta au kutafuna nini, kwa muda gani, na anatumia dawa zipi. Kisha hutazama kinywa chote kwa taa, akiuinua ulimi na kuuvuta pande zote, na kuyagusa mashavu, sakafu ya kinywa na tezi za shingo kwa vidole. Baka hupimwa urefu na upana, na mahali lilipo huandikwa. Picha inayopigwa siku hiyo husaidia kulinganisha baadaye.

Ikiwa kuna chanzo kinachoonekana, huondolewa kwanza. Jino lililomeguka na lenye ncha kali husawazishwa, meno ya bandia yasiyokaa vizuri hurekebishwa, fangasi hutibiwa, na mgonjwa hushauriwa kuacha tumbaku. Baada ya wiki mbili hadi nne hutazamwa tena. Baka likiwa limeondoka, huenda hakuna jambo jingine la kufanya. Likiwa bado lipo, hatua inayofuata ni kukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara, kipimo kiitwacho biopsi. Kwa baka jekundu au lenye kidonda kigumu, kipimo hicho hakicheleweshwi hata kwa wiki hizo.

Biopsi hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Kipande kinachokatwa ni cha milimita chache tu, na kidonda hushonwa kwa uzi mmoja au miwili. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari huchagua sehemu inayotiliwa shaka zaidi, yaani yenye wekundu au ugumu, na baka likiwa kubwa hukata zaidi ya kipande kimoja. Shafer na Waldron walipochunguza vipande zaidi ya 3,000 vya mabaka meupe, katika matokeo waliyoyatoa pia mwaka 1975, kiasi cha kimoja katika kila vitano kilikuwa na mabadiliko ya hatari au tayari kilikuwa saratani.

Kuna watu wanaoukataa uchunguzi huo kwa kuamini kwamba kisu kikiligusa baka ndipo saratani huamka na kusambaa. Madaktari wanaeleza kwamba kukata kipande hicho kidogo hakuligeuzi baka kuwa saratani. Imani hiyo huenda ilitokana na wagonjwa waliofika hospitali wakiwa wamekwisha chelewa, wakapimwa, na kufariki dunia muda mfupi baadaye kwa ugonjwa waliokuwa nao tangu awali.

Zipo njia nyingine, kama vile kupaka rangi ya buluu inayoshika mahali penye seli zisizo za kawaida, kutumia taa maalumu, au kukwangua seli kwa brashi. Njia hizo zinaweza kumsaidia daktari kuchagua mahali pa kukata, lakini hakuna hata moja kati yake inayochukua nafasi ya biopsi.

Majibu ya maabara

Katika maabara, mtaalamu hutazama kwa hadubini jinsi seli zilivyopangika na umbo la kila moja. Mpangilio ukiwa umevurugika, hali hiyo huitwa displasia, nayo hugawanywa kuwa hafifu, ya wastani au kali. Ile ambayo imeshika unene wote wa utando wa juu bila kupenya chini ndiyo hatua ya mwisho kabla ya saratani kamili.

Majibu hayo si hukumu. Displasia hafifu inaweza kubaki vile vile kwa miaka au hata kutoweka, hasa tumbaku ikiachwa. Kwa upande mwingine, baka lisilo na displasia nalo linaweza kubadilika baadaye. Wataalamu wawili wanaotazama kipande kimoja huweza pia kutofautiana kuhusu daraja lake, na ndiyo maana daktari huyasoma majibu ya maabara pamoja na sura ya baka, mahali lilipo na historia ya mgonjwa.

Tiba na mipaka yake

Hatua ya kwanza ya tiba ni kuacha kinachosababisha, na haihitaji hospitali kubwa. Uchunguzi uliofanywa miongoni mwa askari wapya wa Jeshi la Anga la Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba karibu mabaka yote yaliyotokana na tumbaku ya kuweka kinywani yalitoweka wiki sita baada ya kuiacha. Hao walikuwa vijana waliotumia tumbaku kwa miaka michache. Kwa mtu aliyeitumia kwa miaka thelathini, matokeo huenda yasiwe mepesi kiasi hicho, lakini kuacha bado hupunguza hatari ya saratani ya kinywa chote.

Baka lenye displasia ya wastani au kali kwa kawaida huondolewa kwa upasuaji, kwa kisu au kwa mwanga wa leza. Kisu hubakiza nyama nzima inayoweza kuchunguzwa tena maabara. Leza hupunguza utokaji wa damu na hufaa pale penye baka pana. Kwa displasia hafifu, daktari na mgonjwa huamua pamoja kama baka likatwe au lifuatiliwe kwa karibu.

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta kwamba kati ya wagonjwa wenye displasia, waliokatwa baka walipata saratani kwa kiwango cha asilimia 5 hivi, na wasiokatwa kwa kiwango cha asilimia 15 hivi. Muda wa wastani kabla ya saratani kutokea ulikuwa zaidi kidogo ya miaka minne. Takwimu hizo zinaonyesha mambo mawili: upasuaji unaonekana kupunguza hatari, na hatari haimaliziki hata baada ya baka kuondolewa. Sababu ni kwamba moshi au tumbaku iliyodhuru mahali pamoja imegusa pia sehemu nyingine za kinywa ambazo kwa macho zinaonekana nzima.

Kuhusu dawa za kumeza, habari si nzuri. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba dawa ya jamii ya vitamini A iliyapunguza mabaka ya wagonjwa wengi, lakini ilileta madhara makubwa ya ngozi na midomo, na mabaka ya zaidi ya nusu yao yalirudi ndani ya miezi michache baada ya dawa kusimamishwa. Mapitio ya mtandao wa watafiti wa Cochrane, yaliyotolewa mwaka 2016 na kujumlisha tafiti 14 zenye washiriki 909, hayakukuta dawa yoyote iliyothibitika kuzuia saratani kwa watu wenye lukoplakia.

Vidonge vya lishe vinavyotangazwa kuwa ni kinga navyo vina hatari zake. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Finland, uliotolewa mwaka 1994, ulikuta kwamba wavutaji sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa wingi kuliko wasiopewa. Matunda na mboga za kawaida hazina hatari hiyo, na ndizo zinazopendekezwa.

Somo kutoka Kerala

Swali linaloulizwa katika nchi zenye madaktari wachache wa kinywa ni kama inawezekana kuwafikia watu kabla hawajaugua. Jibu moja lilitoka katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, ambako matumizi ya tambuu na tumbaku ni makubwa. Kuanzia mwaka 1996, wahudumu wa afya waliopewa mafunzo walikwenda nyumba hadi nyumba wakivitazama vinywa vya watu wazima kwa taa, na kuwapeleka kwa daktari wale walioonekana na dalili. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa asilimia 34 vikilinganishwa na maeneo ambayo hayakufikiwa. Vifaa vilivyohitajika havikuzidi taa, glavu na jicho lililofundishwa.

Utaratibu kama huo unaweza kufanywa na daktari wa meno yeyote wakati mtu anapokwenda kung'olewa au kuzibwa jino. Mtu naye anaweza kujitazama nyumbani mara moja kwa mwezi, akiwa na kioo na mwanga mzuri: midomo kwa ndani, mashavu yote mawili, ufizi, kaakaa, ulimi juu na pembeni, na sakafu ya kinywa. Kidonda, uvimbe au baka ambalo halijaondoka baada ya wiki tatu ni sababu ya kutosha ya kumwona daktari. Pale ambapo hakuna daktari wa kinywa, zahanati au kituo cha afya kinaweza kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa katika hospitali ya rufaa.

Ufuatiliaji unaovuka mipaka

Aliyegunduliwa kuwa na lukoplakia hutakiwa kurudi kwa daktari kila baada ya miezi mitatu hadi sita, na ziara hizo huendelea kwa miaka mingi, hata kama baka limekatwa na kidonda kimepona. Hapo ndipo wengi hupotea. Baka haliumi, nauli ni gharama, na mwajiri hatoi ruhusa kwa urahisi.

Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi nje, tatizo hilo ni kubwa zaidi. Mtu anaweza kukatwa kipande cha nyama Dar es Salaam, akasafiri kwa mkataba wa miaka miwili kwenda Muscat au Doha, kisha akahamia Birmingham kwa ndugu zake. Daktari wa tatu hana njia ya kujua wa kwanza aliona nini, na hulazimika kuanza upya. Kwa hiyo mgonjwa anashauriwa kuomba nakala ya majibu ya maabara iliyoandikwa daraja la displasia, tarehe na mahali kipande kilipokatwa, pamoja na picha ya baka ikiwa ilipigwa, na kuzihifadhi pamoja na pasipoti yake. Kwa karatasi hizo mkononi, daktari wa nchi nyingine anaweza kutambua kama baka analoliona ni lile lile la zamani, au kama limekua na kubadilika.